Kurudia mtihani: Jinsi vyuo vikuu vya ng'ambo vinavyopima alama za awamu ya pili

KILA matokeo ya Mtihani wa Kitaifa wa Kidato cha Nne (KCSE) yanapotangazwa, familia nyingi nchini hukaa chini kujadili swali moja: je, mtoto arudie?

Kwa anayelenga chuo kikuu cha humu nchini, jibu si gumu sana kulipata. Alama ya wastani na alama za masomo yanayohitajika katika kozi husika ndizo huamua. Lakini kwa anayetazamia kujiunga na vyuo vya ng'ambo vyenye ushindani mkali, kama vile Oxford na Cambridge nchini Uingereza au Harvard na MIT nchini Marekani, swali hilo lina pembe nyingi, na aghalabu hujibiwa kabla ya kueleweka.

Sababu ni kwamba vyuo hivyo havisomi cheti kwa namna moja. Vyuo vya Uingereza hutafuta ushahidi wa umahiri katika masomo machache yanayohusiana na kozi. Vyuo vya Marekani husoma historia yote ya mwanafunzi katika shule ya upili, kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne.

Kurudia mtihani hakumharibii mwombaji sifa moja kwa moja. Hasara kubwa hutokea pale mwanafunzi anapotumia mwaka mzima, pamoja na karo ya wazazi, kurudia mtihani ambao chuo anachokitamani hakiutegemei katika kutoa nafasi.

Uzito wa KCSE ng'ambo

KCSE ilifanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1989, ikiwa zao la mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka wa 1985. Mfumo huo uliondoa kidato cha tano na cha sita, na mtihani wa mwisho wa KACE, uliokuwa ukifanywa mwishoni mwa kidato cha sita, ulifanyika mwaka huo huo wa 1989.

Tanzania na Uganda zilihifadhi madarasa hayo mawili. Hii ndiyo sababu cheti cha kidato cha sita kutoka nchi hizo hutazamwa na vyuo vingi vya Uingereza kuwa karibu na A-Level, ilhali KCSE hulinganishwa zaidi na GCSE, mtihani ambao Mwingereza huufanya akiwa na umri wa miaka 16 hivi.

Matokeo yake ni kwamba vyuo vingi vya Uingereza vyenye ushindani mkali havimpi mwenye KCSE pekee nafasi ya kuanza shahada moja kwa moja. Humtaka kwanza afanye A-Level, Diploma ya IB, mwaka wa maandalizi, au, kwa baadhi ya vyuo, amalize mwaka wa kwanza katika chuo kikuu kinachotambuliwa akiwa na alama nzuri.

Chukua mfano wa mtahiniwa aliyepata B+ ambaye ndoto yake ni kusomea uhandisi nchini Uingereza. Akirudia kidato cha nne na kupata A-, bado atatakiwa kupitia mojawapo ya njia hizo. Mwaka aliorudia haukumpunguzia safari, kwani angeweza kuutumia kuanza A-Level papo hapo.

Hata hivyo, KCSE haikosi thamani. Chuo kinaweza kudai alama fulani ya Hisabati au Kiingereza kama sharti la msingi. Mwombaji aliyekosa sharti hilo ana sababu ya kurudia somo hilo au kutafuta mtihani mwingine unaokubalika badala yake, mathalani IGCSE. Huko ni kurudia kwa shabaha, si kurudia kwa matumaini.

Alama ya wastani na hila zake

Jambo jingine ni kwamba alama ya wastani, ambayo hapa nchini ndiyo huamua sherehe au huzuni, haina nguvu hiyo ng'ambo. Maafisa wa usajili huko hutazama somo moja moja.

Mwaka wa 2023 Baraza la Kitaifa la Mitihani (KNEC) lilibadilisha utaratibu wa kukokotoa alama ya wastani. Tangu wakati huo hutumiwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Hivyo basi, aliyefanya mtihani mwaka wa 2022 na kuurudia mwaka wa 2023 angeweza kupanda wastani hata bila ya alama zake za Fizikia au Kemia kubadilika. Afisa anayetafuta mwanafunzi wa uhandisi ataiona Fizikia ile ile.

Isitoshe, alama za miaka tofauti hazina uzito sawa. Mwaka wa 2015 zaidi ya watahiniwa 2,600 walipata wastani wa A. Mwaka wa 2016, udhibiti wa mtihani ulipokazwa, idadi hiyo ilishuka hadi 141. Katika KCSE ya mwaka wa 2024, waliopata A walikuwa 1,693 kati ya zaidi ya watahiniwa 960,000.

Mwanafunzi aliyerudia mwaka wa 2016 akitarajia kupanda kutoka A- alikuta mlango umekuwa mwembamba kuliko alivyouacha. Anayerudia hushindana na mtihani wa mwaka mpya na mazingira yake, wala si na alama zake za zamani pekee.

Uingereza: Kutangaza yote

Maombi ya shahada ya kwanza nchini Uingereza hupitia shirika la UCAS. Mwombaji huchagua kozi zisizozidi tano, na kwa udaktari, udaktari wa meno au wa mifugo, zisizozidi nne. Makataa ya kozi hizo za udaktari, pamoja na kozi zote za Oxford na Cambridge, ni tarehe 15 Oktoba mwaka unaotangulia masomo. Kozi nyingine nyingi hufungwa mwezi wa Januari.

Fomu ya UCAS humtaka mwombaji aorodheshe mitihani yote aliyoifanya na matokeo yake, hata aliyofeli, pamoja na ile anayosubiri kuifanya. Anayerudia huandika matokeo ya kwanza, kisha huongeza mtihani wa pili kama unaosubiriwa. Mwalimu wake hukadiria alama anayotarajiwa kupata.

Kuficha matokeo ya kwanza ni hatari kubwa kuliko matokeo yenyewe. UCAS ina mamlaka ya kufuta maombi yenye habari za uongo, na chuo kinaweza kuondoa nafasi kilichoitoa. Vilevile KNEC ina utaratibu wa kuthibitishia taasisi matokeo ya mtahiniwa, na cheti chenyewe hubeba mwaka na nambari ya mtihani.

Vyuo vikishayaona matokeo yote mawili, hugawanyika katika makundi matatu. Kundi la kwanza huhesabu alama ya juu na halijali ilipatikana mara ya ngapi. Kundi la pili humkubali aliyerudia, lakini huweza kumwekea sharti la alama za juu zaidi, au huwapendelea waliofaulu mara ya kwanza pale waombaji wanapolingana. Kundi la tatu, ambalo lina baadhi ya shule za udaktari, halimpokei aliyerudia ila kwa sababu maalumu zilizothibitishwa.

Msimamo huu hutofautiana hata baina ya idara za chuo kimoja. Kwa hivyo, mwombaji hapaswi kuridhika na sifa za jumla za chuo, bali asome masharti ya kozi yenyewe katika wavuti wa chuo, na pale yasipoeleweka, aandikie ofisi ya usajili na kuhifadhi jibu atakalopewa.

Aina za kurudia A-Level na IB

Tangu marekebisho yaliyoanza kufundishwa nchini Uingereza mwaka wa 2015, A-Level za huko hufanywa kwa mkupuo mmoja mwishoni mwa miaka miwili. Anayerudia somo hulazimika kurudia karatasi zote za mtihani wa somo hilo.

Shule za kimataifa humu nchini hutumia mitihani iliyotengenezewa nchi za nje, ambayo ina nafasi zaidi. Mtihani wa Cambridge International hufanywa Juni na Novemba, na mtahiniwa anaweza kubeba alama zake za AS kwa muda wa miezi 13 na kurudia sehemu ya pili pekee. A-Level ya kimataifa ya Pearson Edexcel imegawanywa kwa vitengo, na mwanafunzi huweza kurudia kitengo kimoja.

Urahisi huo una bei yake. Chuo kinachotaka kuona mwanafunzi akibeba masomo matatu kwa pamoja kinaweza kuuliza kwa nini alama ya A ya Hisabati ilipatikana katika awamu ya tatu, wakati mtahiniwa hakuwa na somo jingine la kusoma.

Kwa upande wa IB, inayotahiniwa Mei na Novemba na yenye jumla ya alama 45, mtahiniwa akirudia somo, alama yake ya juu zaidi katika somo hilo ndiyo huingizwa katika diploma.

Kuna mitihani isiyotoa nafasi ya pili katika msimu mmoja wa maombi. UCAT, unaotakiwa na shule nyingi za udaktari za Uingereza, na LNAT, unaotakiwa na baadhi ya vyuo kwa wanaosomea sheria, hufanywa mara moja tu kwa msimu, na matokeo yake hayabebwi hadi msimu unaofuata. Anayerudia A-Level na kuomba upya udaktari hana budi kuufanya UCAT upya pia.

Marekani: Rekodi nzima

Nchini Marekani hali ni tofauti. Vyuo vyenye ushindani mkali huitisha ripoti za shule za miaka yote minne, barua za walimu, insha, matokeo ya KCSE, na mara nyingi mtihani wa SAT au ACT. KCSE huwa sehemu moja tu ya mzigo huo.

Kwa sababu hiyo, KCSE ya pili haifuti ya kwanza, wala haifuti ripoti za kidato cha pili. Mwanafunzi aliyekuwa wa mwisho darasani kwa miaka mitatu, kisha akarudia na kupata A-, atakuwa na maswali ya kujibu. Naye aliyeongoza darasa miaka yote, akaanguka Novemba kwa ugonjwa, ana rekodi inayomtetea hata kabla ya kurudia.

SAT ni mtihani ambao kurudia kwake kumezoeleka. Hutolewa mara kadhaa kwa mwaka, alama zake ni kati ya 400 na 1600, na tangu Machi 2023 watahiniwa wa nje ya Marekani huufanya kwa kompyuta.

Vyuo vingi, MIT kikiwemo, huchukua alama ya juu ya kila sehemu kutoka awamu mbalimbali. Mathalani, mtahiniwa aliyepata 680 katika Kusoma na Kuandika na 720 katika Hisabati, kisha akarudia na kupata 650 na 780, atahesabiwa 680 na 780, yaani 1460, ingawa hakuna siku aliyowahi kupata jumla hiyo.

Si vyuo vyote vinavyofuata desturi hiyo. Georgetown kimejulikana kwa miaka mingi kwa kudai kuona alama za awamu zote. Vyuo vya University of California, kwa upande mwingine, havitumii SAT kabisa katika kuchagua wanafunzi.

Wakati wa janga la corona vyuo vingi viliacha kuulazimisha mtihani huo. MIT kiliurejesha mwaka wa 2022, kisha Dartmouth, Yale, Brown, Harvard na Caltech vikatangaza mwaka wa 2024 kwamba alama za mtihani zitahitajika tena, Yale kikiruhusu pia mitihani ya AP au IB badala yake. Ushauri wa miaka ya janga hilo, kwamba SAT si lazima, umepitwa na wakati katika vyuo hivyo.

Mtego wa kujiunga na chuo kwanza

Wako wanaochagua kujiunga na chuo kikuu cha humu nchini huku wakijiandaa kuomba nafasi Marekani. Hapa pana mtego ambao wengi hawauoni.

Vyuo vingi vya Marekani humhesabu aliyesajiliwa kusomea shahada kwa muda kamili kuwa mwanafunzi wa kuhamia kutoka chuo kingine, wala si mwombaji wa mwaka wa kwanza. Nafasi za kuhamia ni chache sana katika vyuo vyenye ushindani mkali, na ufadhili kwa wageni wanaohamia ni adimu zaidi.

Kwa mtoto wa familia isiyo na uwezo, jambo hili lina uzito kuliko alama. Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst ni miongoni mwa vyuo vichache vinavyomchagua mwombaji wa kigeni bila ya kuzingatia uwezo wake wa kulipa, na kisha kumgharamia kulingana na mahitaji. Aliyepoteza hadhi ya mwombaji wa mwaka wa kwanza huenda amejifungia mlango huo pasipo kujua.

Huko Uingereza mambo huweza kuwa kinyume, kwani, kama ilivyotajwa, mwaka mmoja wa chuo kikuu huweza kuhesabiwa badala ya A-Level. Hatua ile ile humsaidia mwombaji katika nchi moja na kumwumiza katika nyingine.

Kalenda haisamehi

Mwanafunzi wa KCSE humaliza mitihani Novemba, ilhali masomo ya vyuo vya Uingereza na Marekani huanza kati ya Agosti na Oktoba. Aliyefanya KCSE Novemba 2024 alipata matokeo Januari 2025, wakati makataa ya vyuo vingi vya Marekani kwa masomo ya mwaka huo yalikuwa yamepita au yamekaribia mno. Nafasi yake ya kawaida ilikuwa kuomba mwishoni mwa 2025 ili aanze Agosti au Septemba 2026.

Muda huo wa karibu miaka miwili haumtii mwombaji dosari. Maafisa wa usajili wanaofahamu kalenda ya Kenya huuelewa. Kinachoulizwa ni namna ulivyotumiwa. Mpango wa KenSAP, ulioanzishwa mwaka wa 2004 na John Manners pamoja na mwanariadha mashuhuri Mike Boit, umekuwa ukiutumia muda huo kuwaandaa wanafunzi bora wa KCSE kwa SAT na maombi ya vyuo vya Marekani.

Anayerudia KCSE huongeza mwaka mmoja juu ya muda huo. Usajili wa watahiniwa hufanyika miezi ya kwanza ya mwaka, kwa hivyo familia huwa na majuma machache tu ya kuamua baada ya matokeo kutoka. Mtahiniwa wa kibinafsi hujilipia ada ya mtihani, na anayerudi shuleni hulipa karo ya mwaka mzima.

Aidha, wakati wa kurudia KCSE wenyewe unayoyoma. Darasa la mwisho la 8-4-4 lilijiunga na kidato cha kwanza mwaka wa 2024, na kwa mpangilio wa kawaida litafanya KCSE mwaka wa 2027. Anayefikiria kurudia baada ya hapo anapaswa kuulizia KNEC utaratibu utakaokuwepo kabla ya kuujengea mipango yake.

Namna ya kueleza sababu

Panapokuwa na sababu ya kweli ya kufanya vibaya mara ya kwanza, ni lazima ielezwe. Ugonjwa, kufiwa na mzazi, shule kuteketea, au mwanafunzi kurudishwa nyumbani mara kwa mara kwa kukosa karo ni mambo yanayozingatiwa. Hata kufungwa kwa shule Machi 2020, kulikosukuma KCSE ya mwaka huo hadi mwaka wa 2021, ni sehemu ya historia ambayo afisa wa ng'ambo huenda asiikumbuke asipoelezwa.

Maelezo hayo hupata nguvu yakitoka kwa mwalimu mkuu au mwalimu anayeandika barua ya pendekezo, yakiambatana na stakabadhi kama vile barua ya hospitali. Mwombaji mwenyewe atosheke na sentensi chache, kisha atumie nafasi iliyobaki kuonyesha anachokijua na anachokipenda katika somo lake. Insha nzima ya malalamiko humfanya msomaji akumbuke anguko na kusahau mwanafunzi.

Muhimu pia ni kuthibitisha kwamba kuna kilichobadilika. Kupanda kutoka B hadi A katika somo moja baada ya mwaka mzima wa kulisoma hushawishi kidogo kuliko kupanda katika masomo matatu huku mwombaji akifanya kazi au kuwafunza wengine.

Mambo ya kupima kabla ya kuamua

Kabla ya kulipa ada ya kurudia, mzazi na mwanafunzi wanashauriwa kujibu maswali yafuatayo kwa maandishi:

1. Je, chuo na kozi inayolengwa hutumia mtihani huu katika kutoa nafasi, au huhitaji mwingine kabisa?

2. Je, masharti ya kozi hiyo yanamkubali aliyerudia, na kwa alama zipi?

3. Ni somo gani hasa lililokwamisha maombi, na je, kuna njia ya kulirekebisha bila ya kurudia masomo yote?

4. Je, matokeo ya pili yatatoka kabla ya makataa, au mwombaji atategemea makadirio ya mwalimu?

5. Je, ufadhili unaolengwa una masharti kuhusu umri au mwaka wa kumaliza shule?

6. Matokeo ya pili yakiwa duni kuliko ya kwanza, mpango utakuwa upi?

Swali la mwisho ndilo huepukwa zaidi, ilhali ndilo huokoa familia. Matokeo ya pili nayo hutangazwa, na yakishuka humwachia mwombaji vyeti viwili vya kueleza badala ya kimoja.

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Aliyeteleza katika mtihani anaweza kufika Cambridge au Yale, mradi aulize kwanza njia ipi inaelekea huko. Jibu la swali hilo hupatikana kwa barua pepe moja kwa ofisi ya usajili, wakati jibu la kubahatisha hugharimu karo ya mwaka mzima.